Sikitu Haolewi

Kura nne. Si mia nne, si arobaini. Nne, kama miguu ya stuli.

Teddy alikifuta kioo cha simu kwa pindo la kanga akatazama tena, maana huenda uchafu ndio ulioyafunika yale masifuri mengine. Wapi! Orodha ya Kamati ya Riwaya Pendwa ilikuwa vilevile. Wananchi wa nchi nzima walikuwa wamealikwa wachague riwaya waipendayo kuliko zote, meseji moja kwa laini moja, na vitabu mia moja na ishirini vilikuwa vimepangwa kwa wingi wa kura. Mto Haukopeshi, cha Hermenegildi Ligunda, kilikuwa cha mia moja na kumi na tisa. Nyuma yake kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa kitabu cha mapishi ambacho mtu fulani, kwa njaa zake, alikidhania riwaya.

Hermenegildi Ligunda ni baba yake mzazi.

Kura nne zenyewe alizijua moja moja. Mbili zake, maana ana laini mbili na hilo si dhambi. Moja ya mama yake. Moja ya katekista, aliyewahi kukiazima kitabu enzi kikiwa bado na jalada.

"Walaghai wakubwa," alisema kwa sauti mle ndani ya steshenari yake, pale Ifakara mjini. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa akadhani ameambiwa yeye, akarudi nyuma hatua mbili.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Vitabu ishirini vya kwanza vingechapishwa upya na kusambazwa shuleni na kwenye maktaba. Riwaya ya baba ilichapwa mara moja tu, miaka thelathini na tatu iliyopita; kisha mchapaji akafa na kampuni ikamfuata. Bonde zima la Kilombero lilibaki na nakala moja, haina jalada, haina kurasa nne za mwanzo, inanuka moshi na imevimba kama andazi. Ikiloa mara moja nyingine, basi tena. Na mzee ana miaka sabini na sita, hangojei kuchapwa kesho kutwa.

Ndiyo maana Teddy alifunga duka siku tisa. Akazunguka mashamba ya Michenga na vijiji vya jirani, akagawa vipeperushi alivyovichapa mwenyewe, akaandika majina kwenye daftari. Watu zaidi ya mia nne, kila mmoja na ahadi yake mdomoni. "Dada, si ni ile kura ya kitabu cha baba? Hiyo hesabu imeshaingia." "Wewe nenda kalale usingizi." Basi kalala usingizi, kaamka na kura nne. Na kura zinafungwa leo hii, Ijumaa, saa kumi jioni.

Akafunga duka. Nje alikuwepo Evod, dereva wa bodaboda anayeegesha hapo kila siku ili aibe kivuli.

"Nipeleke Michenga."

"Kuna msiba, dada Teddy?"

"Bado. Nakwenda kuua."

"Basi nauli ya kurudi nipe sasa hivi, nisije nikakufuata gerezani."

Njia ilikuwa bado na tope la masika, na pikipiki ilikwenda kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya msiba. Teddy hakuweza kunyamaza. "Na wewe Evod, ulipigia kipi?"

"Kile tulichosoma fomu tuu."

"Kwa nini hicho?"

"Ndicho pekee nilichokimaliza, dada. Na nilikimaliza kwa viboko. Kitabu kikikuliza namna ile huwezi kukisahau."

Angalau huyu hakudanganya.

Mwezi wa tano, Michenga ukienda kijijini utasalimiana na kuku. Watu wote wako shamba. Mpunga unapoanza kuinama, kwelea hushuka kwa maelfu, na familia nzima huhamia huko kuamia ndege. Hujenga dungu, yaani kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na mtu hukaa juu yake toka jua linachomoza mpaka linazama, kombeo mkononi na debe bovu la kupiga pembeni. Ni kazi isiyotaka nguvu ila inataka kitu cha kukuzuia usisinzie. Kwa miaka zaidi ya thelathini kitu hicho kimekuwa ni Mwalimu Hermenegildi na riwaya yake. Kila siku ya msimu, saa nane mchana, mzee hupanda dungu la mwanawe, wenye mashamba ya jirani husogea chini yake, naye husoma sura moja. Moja tu. Mlilie, mpe muhogo wa kuchoma, muahidi kuku, akifika mwisho wa sura anafunga kitabu na kusema, "Kipindi kimekwisha." Watu hawa wanamjua Sikitu, yule mama mvushaji ndani ya kitabu ambaye hachukui nauli ila anachukua siri moja kwa kila abiria, kuliko wanavyowajua shangazi zao. Ndiyo maana zile kura nne zilimwasha Teddy kama upupu.

Wa kwanza kumkuta alikuwa Restuta, mke wa kaka yake na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, amekaa juu ya dungu anazungusha kombeo.

"Wifi, ulipiga kura?"

"Na salamu? Imekudondokea njiani?"

"Ulipiga, hukupiga?"

"Nilipiga siku ileile. Na kikundi kizima nikakisimamia."

"Mwongo."

"Eti mwongo!" Restuta akashuka ngazi kwa kasi ya mtu aliyetukaniwa watoto, akachomoa simu kifuani. "Haya, soma, wewe si msomi?"

Teddy akasoma. Meseji ilikuwa imekwenda, siku ilikuwa sahihi, namba ilikuwa sahihi. Maneno yalikuwa haya: HARUSI YA SIKITU.

"Hii nini?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha baba! Kwani bonde hili lina Sikitu wangapi?"

"Wifi, kitabu cha baba kinaitwa Mto Haukopeshi. Nilikupa karatasi!"

"Ile yenye picha ya mto?" Restuta akamtazama kwa huruma. "Ile sisi tulijua umetumwa na halmashauri. Si huwa wanaleta? Msivuke mto umejaa, kiboko hana urafiki, mto haukopeshi. Tena nilisema, wifi yangu ana roho nzuri, kaja na la kitabu na la mafuriko kwa safari moja. Nimeibandika chooni watoto wasome."

Teddy akaisoma tena ile meseji, herufi kwa herufi.

"Meseji ilitaka jina la kitabu," Restuta aliendelea, "na sisi tulikuwa hatulijui, maana hakina jalada. Nikawaambia wenzangu tuandike kitu chenye hadhi. Harusi ya Sikitu. Wote tumeandika hivyohivyo, hata kosa moja hakuna."

"Basi si ungeandika hata jina la mwandishi!"

Restuta akaziba mdomo kwa kiganja. "Jina la baba mkwe? Mimi? Tena niliandike, nilipeleke Dar es Salaam, kwa laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole changu? Teddy, mwanangu, nani kakuloga?"

"Hukuambiwa ulitamke! Uliambiwa uandike!"

"Kwani kidole cha nani?"

Kutoka dungu la pili akaja Shilinde, Msukuma mrefu aliyeletwa bondeni na wazazi wake akiwa mtoto na sasa ana mpunga kuliko wenyeji. "Mwangaluka, dada Teddy. Nasikia mnagombania kura. Mimi yangu hii hapa." Akaonyesha kwa fahari. KILE CHA MAMA WA MTUMBWI. "Nilitaka niongeze kwamba ni kizuri sana, nikaona watajisomea wenyewe."

"Shilinde, jina la mwandishi unalijua?"

"Nalijua."

"Si ungeliandika!"

"Mwalimu kanifundisha darasa la tatu mpaka la saba, kanichapa kwa haki na kunipa shati. Leo nimwite Hermenegildi kama mtoto mwenzangu?" Aliposema hilo jina mwenyewe akashtuka, akainama kidogo kuelekea kijijini, kana kwamba mzee angesikia.

Wakaja wengine, kila mmoja na simu yake mkononi kama mwanafunzi mwenye daftari lililosahihishwa. Kitabu cha Mwalimu. Kitabu cha Baba Teddy. Kile cha dunguni. Hakuna aliyedanganya hata mmoja, na hapo ndipo Teddy alipotamani wangekuwa wamedanganya. Mwongo unaweza kumsuta. Mtu mwenye adabu utamfanya nini?

Mtandao wa Michenga unashika ukipanda juu, kwa hiyo Teddy akapanda dungu, akapiga namba ya Kamati. Akasikiliza muziki wa kusubiri kwa dakika kumi na mbili. Kisha ikaja sauti ya msichana, laini kama sabuni ya hoteli.

"Kamati ya Riwaya Pendwa, Rabia anaongea."

Teddy akaeleza. Alivyoeleza, kule upande wa pili kikazuka kicheko ambacho ofisi hairuhusu.

"Kumbe ni ninyi! Dada, tuna faili zima hapa limeandikwa Visivyofahamika. Hiyo Harusi ya Sikitu tumeitafuta maktaba tatu, bosi wetu akasema hawezi kulala mpaka aisome. Sasa sikiliza. Laini iliyopiga hairudii, huo ndio utaratibu. Lakini kuna kifungu: mwandishi mwenyewe anaweza kuthibitisha kwa sauti yake, jina kwa jina, kwamba waliokusudia kitabu hicho wamekusudia cha kwake. Tunarekodi. Ila iwe kabla ya saa kumi."

"Na kura zetu zikipatikana zote?"

Zikasikika kucha kwenye kibodi. "Zilizoko kwenye faili ni mia nne na nane. Na zile nne, mia nne kumi na mbili. Kitabu cha ishirini sasa hivi kina mia tatu tisini. Mnaingia, dada. Mnaingia na chenji."

Teddy akaruka. Dungu likayumba, Restuta akapiga ukunga chini, na ndege wa shamba zima wakahama bila kurushiwa jiwe.

Saa nane kamili mzee alitokea kwenye tuta, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, kitabu kimo ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umo ndani ya mfuko mwingine. Watu walimpa shikamoo kwa mkupuo. Teddy akamweleza mambo yote haraka haraka, na alipomaliza akagundua kwamba baba yake alikuwa amesikia jambo moja tu.

"Hawajui kinaitwaje?"

Watu wakaanza kukagua vidole vyao vya miguu.

"Miaka thelathini na tatu nawasomea. Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua kinaitwaje?"

"Hakina jalada, Mwalimu," alijitetea Shilinde.

"Mimi nina mdomo, Shilinde."

"Baba, tutagombana baadaye," Teddy alisema. "Sasa hivi panda, useme neno moja tu. Ndicho. Ukisikia jina, unasema ndicho. Basi."

Mzee akapanda polepole, Teddy nyuma yake akimsukuma kwa macho. Simu ikawekwa spika. Chini walikuwa wamejaa watu wa mashamba sita, na Evod naye alikuwa amejipenyeza mbele, anakula muhogo wa watu.

"Shikamoo mzee," alisema Rabia.

"Marahaba, mwanangu."

"Nitasoma majina, wewe utathibitisha. La kwanza: Kile cha Sikitu. Kura tisini na sita."

Mzee aliuhamishia mfuko wa kitabu mkono wa pili. Kisha akakohoa. "Ndicho."

"Kitabu cha Baba Teddy. Hamsini na nane."

"Ndicho."

"Kitabu cha Mwalimu. Sabini na moja."

"Sabini na moja?" Mzee akachungulia chini, akawatazama vichwa vyao. "Ndicho."

"Kile cha mama wa mtumbwi, thelathini na tatu. Na kile cha dunguni, kumi na tisa."

"Ndicho. Na hicho cha dunguni ndicho." Sauti yake ilikuwa imelainika, na kifungo cha juu cha koti kilikuwa kimefunguliwa, jambo ambalo Teddy hakuwahi kuliona toka azaliwe. Akaanza kutabasamu. Akaona jalada. Akaona vitabu vipya vimepangwa dukani kwake, vinanuka wino badala ya moshi.

"Na la mwisho, ndilo lenye kura nyingi kuliko yote," alisema Rabia. "Harusi ya Sikitu. Mia moja thelathini na moja."

Tabasamu la Teddy likafa kabla halijakomaa. Maana Teddy amekisoma kitabu hadi mwisho, na pale shambani ni yeye na baba yake tu waliokisoma hadi mwisho.

Riwaya ile ina sura thelathini na nne. Kuamia ndege ni siku ishirini na nane, msimu ukijivuta sana thelathini. Halafu mpunga unavunwa na madungu yanaachiwa kunguru. Kila mwaka mzee huanza sura ya kwanza, na kila mwaka mavuno humkatia njiani. Katika sura ya ishirini na nane anatokea mchumba na mtumbwi mpya wa mninga, anampigia Sikitu magoti ukingoni. Hapo ndipo watu huenda kuvuna. Miaka yote hiyo mwanamume wa watu wamemwacha amepiga magoti kwenye tope, na kwa kuwa binadamu ana huruma, wakamwozesha wenyewe.

"Mzee, upo?" Rabia aliuliza.

"Harusi gani?" alisema mzee.

"Baba," Teddy alinong'ona, "sema ndicho."

"Sikitu haolewi."

"Baba, ni neno moja!"

"Sura ya thelathini na mbili anamrudishia mtumbwi wake. Anavuka mto na ule wake mkuukuu, unaovuja. Kitabu kizima nimekiandika ili afike pale aurudishe ule mtumbwi."

"Najua! Nimesoma! Hawa hawajasoma, na kikichapwa watasoma, kila mtu na chake, mpaka mwisho, watajua haolewi! Huoni? Usiposema ndicho hawatajua kamwe!"

Mzee alimtazama binti yake. Teddy aliona kwamba amelielewa hilo, amelielewa lote, na roho ikamrudi kidogo. Kisha baba akakifunga tena kile kifungo cha juu, akaiinamia simu kama anayeongea na kiziwi.

"Mwanangu, watu hao wamekipenda kitabu ambamo Sikitu anaolewa. Ni kitabu kizuri, nadhani. Lakini sikukiandika mimi. Siwezi kuchukua kura zake."

"Mzee, una uhakika? Ninarekodi."

"Rekodi vizuri. Sicho."

Kucha zikapita kwenye kibodi, safari hii polepole. "Basi zenu ni mia mbili themanini na moja," alisema Rabia, na ile sabuni yote ikawa imemtoka sautini. "Hamuingii. Pole sana, mzee. Pole dada. Mimi mwenyewe nilitaka nikisome." Simu ikakatika.

Teddy akakaa juu ya miti ya dungu. Siku tisa za kufunga duka. Ahadi mia nne. Kura ziko, zimepatikana, zimesomwa kwa sauti, na zimekataliwa na mtu pekee duniani aliyekuwa anazihitaji. Alitaka kumgombeza mtu, akatazama chini kuona aanze na yupi.

Hakuna aliyemtazama yeye; macho yote yalikuwa kwa mzee. Kisha Restuta, ambaye kwa miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kumsemesha baba mkwe bila kutazama pembeni, aliinua uso wake wote mzima.

"Haolewi?"

"Haolewi, mama."

"Baba, samahani, nauliza tu. Yule mwanaume ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Mtumbwi wa mninga, Mwalimu!" alifoka Shilinde. "Mpya! Ukingoni umefika! Anaurudisha kwa akili gani?"

"Sisi tulishampangia mpaka wasimamizi," akasema mama mmoja wa kikundi, karibu alie.

"Sura ya thelathini na mbili," alisema mzee, na Teddy angeapa kwamba alikuwa amerefuka.

"Tusomee basi! Sasa hivi!"

"Leo ni sura ya ishirini na moja."

Hapo yakazuka matata. Watu wakasogelea ngazi, huyu anataka thelathini na mbili, yule anasema aanze ishirini na nane wapate mtiririko, Evod anauliza kwani Sikitu mwenyewe ana umri gani, na hakuna, hakuna hata mtu mmoja katika mashamba sita, aliyeuliza habari za kura.

Teddy ndiye aliyewaona. Walikuja kutoka upande wa mto kama moshi mweusi, wakageuka mara moja hewani, wakashuka wote kwenye mpunga wa kaka yake. Mabua yakainama. Makombeo yalikuwa yamelala chini, wenyewe wanabishana juu ya mahari. Akalinyakua lile debe bovu, akaokota kipande cha mti, akalipiga kwa nguvu ya siku tisa, akipiga kelele ambazo hazikuwa na maneno.

"Wifi," Restuta alimpigia kelele kutoka chini, bila hata kugeuka, "punguza basi hilo debe, hatumsikii Mwalimu!"